Barua ya wazi: Ndege ikishukia shambani, wa kwanza kufika ni sisi

Kwa Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga,
Kwa Kamishna Jenerali wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji,
Kwa wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi, pamoja na wakurugenzi wa halmashauri zote zilizo chini yenu.

Waheshimiwa, salaam nyingi kutoka Newala.

Ninaandika nikiwa kijijini, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama nyuma ya nyumba ya mwisho, ardhi inakatika ghafla, bonde la Ruvuma linalala chini yako lote, na ng'ambo ni Msumbiji. Nilikuwa tabibu wa zahanati kwa miaka thelathini. Sasa nimestaafu, nina mikorosho yangu na kiti cha plastiki barazani, na mtu mwenye kiti barazani huona mengi.

Alasiri moja ya mwezi wa sita, ufuta umeshakatwa, umefungwa matita na kusimamishwa ukauke, ndege ndogo ilitokea upande wa bonde. Tumezoea kuzisikia, hatuzitazami. Hii tuliitazama kwa sababu mngurumo wake ulikatika. Ikaja kimya, mabawa yameinama upande, ikazunguka juu ya uwanja wa mpira mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara iko chini zaidi, mpaka tukaona matairi. Mzee mwenzangu akasema, "Hii inatafuta pa kukaa."

Niruhusuni niwaambie kilichotokea chini, maana cha juu rubani anakijua mwenyewe. Watoto wa shule walikuwa ndio wanatoka. Wote walikimbilia uwanjani, palepale ndege ilipokuwa ikipatazama. Vijana wa bodaboda wakaingiza pikipiki nne hadi katikati, kwenye duara. Dada mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa amenyanyua simu anarekodi huku anarudi kinyumenyume. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye mlingoti wa goli la kusini, na hakuna aliyewafungua. Wakaja vijana wawili wanakimbia na madumu matupu. Huku uwandani dumu ni la maji, na maji kwetu ni ya kununua, kwa hiyo nikadhani wana akili kuliko sisi, wanataka kuzima moto. Nikawauliza, "Madumu ya nini?" Mmoja akanijibu bila kusimama: "Mafuta, babu!"

Mtendaji wa kijiji alikuwa na simu sikioni. Aliitoa, akaitazama, akanionyesha. Mtandao ulikuwa umemkaribisha Msumbiji.

Na mimi? Mimi na miaka yangu thelathini ya kufunga vidonda, nilisimama pembeni napunga kofia, nisijue nampungia rubani aje au aende.

Injini ikakohoa, ikawaka. Ndege ikanyanyuka ikaelekea pwani. Watu wakapiga makofi, wengine nadhani kwa huzuni kidogo. Mbuzi waliendelea kula. Yote hayo hayakufika dakika kumi, na ndani ya dakika hizo nilikuwa nimeshaona namna ambavyo tungemuua mtu aliyekuwa anajaribu kuokoka.

Jioni ile mpwa wangu, ambaye yuko likizo kutoka chuo, alinionyesha kwenye simu ajali ya glaida huko Ulaya. Glaida ni ndege isiyo na injini. Inavutwa na ndege nyingine au na winchi ya chini, inaachiwa, kisha inakaa angani kwa kupanda hewa ya joto inayonyanyuka, sawasawa na mwewe wetu wanavyofanya mchana hapa ukingoni, wanazunguka saa nzima bila kupiga bawa. Nzuri zile za mashindano, zikiwa kilomita moja juu, huteleza kilomita 40 na zaidi kabla ya kugusa ardhi. Hewa ikiisha nguvu, rubani huchagua shamba akatua. Kwao si ajabu. Wanafundishwa, na wenzao huja na trela kumchukua. Wanafundishwa kupima upepo, urefu wa shamba, mteremko, kilichopandwa, mifugo iliyomo na waya zilizo pembeni. Ajali nyingi za kutua hivyo huja kwa aliyechelewa kuamua, akakata kona akiwa chini na mwendo umepungua, bawa likaacha kubeba. Au kwa yule aliyeona shamba zuri asione mtaro. Kwenye ile video lilikuwa bawa lililonasa kwenye mazao, ndege ikajizungusha kama pia, mkia ukakatika. Kilichonikaa kichwani ni waliofika: wakulima wawili na trekta. Mmoja aliinua mkono kuwazuia wengine, akasikiliza kwanza. Yule alikuwa amefundishwa.

Najua mtaniambia Mtwara na Lindi hatuna glaida. Ni kweli, ukitaka kuiona glaida Afrika Mashariki ilibidi uende Mweiga, karibu na Nyeri, Kenya. Lakini waheshimiwa, kila ndege ambayo injini yake imezima ni glaida, tofauti ni kwamba ni glaida mbovu. Ndege ndogo ya kawaida yenye injini moja, kilomita moja juu inampa rubani kilomita tisa hivi mbele, basi. Tarehe 23 Julai 1983 huko Kanada, Boeing 767 yenye watu 69 iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ya mafuta ilichanganya ratili na kilo. Rubani wake, Robert Pearson, kwa bahati alikuwa pia rubani wa glaida. Akaiteleza mpaka Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi. Uwanja ule siku hiyo ulikuwa na watu wa mashindano ya magari na familia zao, na watoto walikuwa wanaendesha baiskeli kwenye lami ileile, maana ndege isiyo na injini haipigi honi. Wote walipona. Na moto mdogo uliozuka puani mwa ndege haukuzimwa na zimamoto. Ulizimwa na watu wa mbio za magari, kwa mitungi waliyokuwa nayo mkononi. Hapo ndipo penye barua yangu.

Na tusiende Kanada. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na ufuko wa Ngazidja, Komoro, huko huko mbele ya bahari yetu. Kati ya watu 175, walikufa 125. Waliowaokoa waliobaki ni wenyeji na watalii waliokuwa ufukweni. Tarehe 6 Novemba 2022, Bukoba, ndege yenye watu 43 iliingia ziwani hatua chache kutoka uwanjani, wakafa 19. Nchi nzima inakumbuka ni nani walifika kwanza: wavuvi, na makasia yao. Tuliwasifu, ikawa haki yao. Ila sijasikia kwamba baada ya sifa kuna mtu alipita kwenye mialo, au huku kwenye mashamba, akasema: na ninyi mkipatwa, fanyeni hivi.

Uwanja wa ndege wa Mtwara mmeupanua, mmeujenga vizuri, tunashukuru. Kule kuna gari la zimamoto. Lakini rubani aliyepoteza injini juu ya Kitangari hafiki Mtwara. Anashukia kwetu, na nusu saa ya kwanza, au saa ya kwanza, au masaa matatu barabara ikiwa tope, ni yetu peke yetu. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika kule Somanga, kusini nzima ikawa kisiwa. Siku kama ile msaada wa mbali ni hadithi.

Sasa ninachoomba. Si gari la zimamoto kila kijiji, nimefanya kazi serikalini, najua bajeti.

Ninaomba mtu aje atuambie. Siku moja tu, kila kata. Aseme kwanza kwamba uwanja uachwe wazi, watoto wapelekwe nyuma ya nyumba, mbuzi wafunguliwe. Aseme kwamba mafuta ya ndege hizi ndogo nyingi ni aina ya petroli. Tulishajifunza Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya mia wakateketea kwenye lori la mafuta lililopinduka, na bado mwaka huu nimewaona vijana wangu wanakimbia na madumu. Hawakuwa wezi wale. Wanauza kwa bodaboda, wanaona kitu kinapotea bure.

Aseme pia jambo ambalo mimi mwenyewe nililisikia kwa mpwa nikadhani ananitania. Baadhi ya ndege ndogo, na baadhi ya glaida, zina mwavuli mkubwa wa kuishusha ndege nzima, na mwavuli huo unafyatuliwa na roketi. Ndege ikianguka bila mwavuli kufyatuka, ile roketi bado ni mbichi, imelala ndani ya bodi inasubiri waya uvutwe. Mtu mwenye huruma akija na panga kumkata rubani atoke, akikata pasipotakiwa, inamfyatukia kifuani. Kuna kibandiko cha onyo nje, lakini kimeandikwa Kiingereza, tena kidogo. Katika kijiji changu hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua hili, kuanzia mwenyekiti hadi mimi.

Kisha kuna kile kisanduku cha rangi ya machungwa kinachopiga mlio kwenda kwenye setilaiti ndege ikianguka. Kwa mnunuzi wa chuma chakavu anayepita hapa kila Alhamisi na mizani yake, kile ni kilo na nusu. Tukiambiwa kwamba ndicho kinachowaonyesha ninyi tulipo, tutakilinda. Tusipoambiwa, kitapimwa.

Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ni fani yangu. Mjomba wangu alianguka kutoka kwenye mwembe, Desemba moja ya zamani, maembe yameiva. Walimnyanyua wanne, wawili mabegani wawili miguuni, katikati ananing'inia kama kiroba. Wakampakia mshikaki kwenye pikipiki, dereva mbele, kijana nyuma amemkumbatia, wakamleta kwangu zahanati kwa njia ya mashimo. Walipomshusha miguu haikuwa na habari. Nikawauliza, alipokuwa chini ya mwembe alisogeza vidole vya miguu? Wakanijibu kwa furaha, ndiyo, alikuwa anarusha miguu na kututukana wote! Basi nikajua. Mwembe haukumvunja kabisa. Sisi ndio tulimalizia. Aliishi miaka minane kitandani, na kwa sisi Wamakonde, tunaofuata ukoo wa mama, mnajua mjomba ni nani.

Rubani wa ndege iliyogonga chini huumia mgongo hasa, kwa sababu amekaa, na kishindo chote kinapanda kutoka kwenye kiti. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka na glaida zake za miti na kitambaa kabla injini hazijafika angani, alianguka tarehe 9 Agosti 1896, mfupa wa shingo ukavunjika. Walimchukua kwa mkokoteni wa farasi, halafu kwa treni ya mizigo hadi Berlin. Alikufa siku iliyofuata. Labda angekufa tu. Lakini zaidi ya miaka 120 baadaye sisi bado tunabeba watu kwa namna ileile, pikipiki badala ya mkokoteni.

Kama hakuna moto wala moshi, mtu aachwe palepale, kichwa kishikwe kwa mikono miwili, aongeleshwe. Kama kuna moto, atolewe hata kwa kuvutwa, mgongo tutaujadili baadaye. Akilazimika kubebwa, asilazwe kwenye kitanda cha kamba, kinabonyea. Ung'olewe mlango bawabani, alazwe juu ya ubao. Hayo ni maneno ya dakika tano. Nimewafundisha vijana wanne wa bodaboda hapa kwa hiari yangu, tukatumia mlango wa choo cha shule. Wanne. Newala ina vijiji vingapi?

Moto wenyewe huku hatuwezi kuuzima kwa maji, hata kama maji yangefaa kwa petroli, na hayafai. Mchanga tunao. Ghala la chama chetu cha msingi lina mtungi mmoja wa unga wa kuzimia moto, umetundikwa ukutani juu ya mizani ya korosho. Nilipanda kwenye gunia kuusoma, vumbi limeifunika tarehe, nilipolifuta nikakuta umekwisha muda. Mitungi miwili mizima kwa kila ghala ingewafaa ndege, korosho na nyumba za makuti kwa pamoja.

Namba. Tunajua 112 na tunajua 114. Kina mama wanaijua 115 kuliko jina la diwani, kwa sababu mliitangaza, mkaifuatilia, na anayeipiga hupata gari. Kwa hiyo mnaweza. Ninachouliza ni je, nikipiga 114 kutoka hapa ukingoni nikasema "ndege imeangukia kwenye mikorosho", anayepokea ana la kunijibu, au ataniuliza niko mtaa gani? Mtupe na njia ya pili kwa siku ambazo simu inahamia Msumbiji. Kituo cha polisi kina redio. Basi iwe imeshaamuliwa mapema nani anapanda pikipiki kwenda huko.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeshusha kamati za maafa mpaka kijijini. Ya kwetu ipo. Mimi ni mjumbe. Tumekutana mara moja, tukajadili upepo ulioezua darasa la tatu.

Kuna mambo mawili yanayowafanya watu wangu wasite, nayo msiyadharau. La kwanza ni hofu. Aliyefika wa kwanza kwenye ajali ya basi ndiye huulizwa wa kwanza simu ya marehemu iko wapi. Watu wanakumbuka. Mkataba wa Chicago wa 1944, katika Kiambatisho cha 13, unasema uchunguzi wa ajali ya ndege ni wa kuzuia ajali nyingine, hautafuti wa kulaumiwa. Lisemeni hilo kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji, na OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akiwepo. Mtu ajue kwamba alipovunja kioo kumtoa majeruhi hajaharibu ushahidi, na kwamba akiokota kipande akakirudisha alipokitoa amekosea, bora akiache.

La pili ni korosho. Mabwana shamba wametufundisha kupanda mita 12 kwa 12. Bawa la glaida ni mita 15, hata 18. Ndege ndogo ya injini nayo ni kama mita 11. Ikiingia kwenye mistari yetu haipiti bure, itavunja mikorosho, na mkorosho uliovunjika haurudi kwa msimu mmoja. Halafu watakuja wataalamu na utepe, shamba lifungwe, pengine ni Novemba na korosho zinadondoka ndani ya utepe. Nani anamlipa mwenye shamba, na kwa fomu gani? Mtu akijua jibu, atakimbia kusaidia. Asipolijua, atakimbia kuhesabu miti.

Viwanja vya ndege vya wilayani sitaviongelea sana. Nachingwea, Masasi, Newala, Liwale, Kilwa Masoko, kote mna ardhi iliyotengwa. Rubani mwenye shida huviangalia hivyo kwanza, kama havijafyekwa anaona pori. Fyekeni, au basi tuambieni wananchi tufyeke, tutafyeka kwa zamu kama barabara. Na umeme wa vijijini umefika, asanteni sana. Ila waya umepita nyuma ya goli la kaskazini, hatua chache tu. Kutoka juu rubani huona nguzo, haoni waya. Siku mkija kuongeza nguzo, upande wa msikitini ni wazi.

Nimezungumza na mwenyekiti wa chama cha msingi. Ghala linakuwa tupu kuanzia Februari mpaka msimu unaofuata, linaingiza watu mia mbili wakikaa chini. Jumamosi yoyote inatufaa, isipokuwa ya mnada wa mifugo. Mtu wenu mmoja anatosha, aje na picha za kile kibandiko cha roketi, kubwa, ili na waliokaa nyuma waone. Mlango wa mazoezi tunao. Mbuzi wa goli la kusini wamehamishwa, nimezungumza na mwenyewe.

Wenu,
Tabibu mstaafu na mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara